Mgonjwa wa akili akitendewa vibaya hospitalini

Mkaazi wa Kibuli anayeugua sana akili, awe mkimbizi au mwenyeji, kwa kawaida hutumwa Butabika, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili iliyofunguliwa mwaka 1955. Ni hospitali ya serikali, na wagonjwa mara nyingi huwa wengi kuliko vitanda.

Hofu ya familia haikutoka hewani. Mwaka 2014 mashirika ya MDAC na Mental Health Uganda yalitoa ripoti kuhusu hospitali za akili nchini, ikitaja wagonjwa kufungiwa peke yao vyumbani na kutibiwa bila ridhaa. Sheria ya 1938, ya enzi za ukoloni, ndiyo iliyokuwa ikitumika bado. Sheria mpya ya mwaka 2018 inaweka mipaka: kumfungia mgonjwa si adhabu, na kumpiga hakuruhusiwi kamwe.

Mtembeleeni mgonjwa mara kwa mara. Asiyejua Kiingereza wala Kiganda huonekana mkaidi kumbe haelewi anachoambiwa, kwa hiyo ombeni mkalimani. Mkiona alama mwilini, andikeni tarehe, wodi na maneno yake mwenyewe. Anzeni kwa msimamizi wa wodi, kisha uongozi wa hospitali. Msiposikilizwa, nendeni Tume ya Haki za Binadamu ya Uganda. Mkimbizi anaweza pia kupiga bure 0800 323 232, simu ya UNHCR.

Msimtoe kwa hasira bila kuongea na daktari: dawa zikikatwa ghafla, ugonjwa unaweza kurudi kwa nguvu.