Kuni za Mto: Historia Fupi ya Kukata, Kuchanja na Kukausha Kuni Kisangani

1. Utangulizi

Wahenga walisema kwamba pafukapo moshi pana moto. Mwanahistoria hana budi kuongeza neno: penye moto pana mtu aliyekata kuni. Makala haya yanakusudia kumtafuta mtu huyo katika historia ya mji wa Kisangani. Vitabu vingi vinavyouhusu mji huu hutaja wavumbuzi, magavana, manahodha na meli zao. Ni vichache vinavyouliza meli hizo zilikula nini. Jibu lake ni fupi: zilikula kuni, na kuni hizo zilikatwa, zikachanjwa na kupakiwa kwa mikono ya watu.

Katika nchi za baridi kuni huandaliwa ili kuipasha nyumba joto. Kisangani iko karibu sana na Ikweta, na nyumba zake hazihitaji joto hilo. Hapa kuni zilikuwa na kazi nyingine: kupika, kukausha samaki wa Wagenia, na kwa miaka mingi kuzalisha mvuke uliounganisha mji huu na Kinshasa, safari ya zaidi ya kilomita 1,700 mtoni.

2. Neno lenyewe

Tuanze na lugha, kwa kuwa nayo ni hazina ya kumbukumbu. Kiswahili husema ukuni kwa umoja na kuni kwa wingi. Kilingala kina nkoni, Kikongo nkuni, Kishona huni, Kizulu izinkuni. Mfanano huu unatosha kuonyesha kwamba neno hili ni urithi wa kale wa lugha za Kibantu. Halikuletwa na msafara wa pwani wala na utawala wa Kibelgiji.

Hali ya neno makaa ina mafunzo ya namna nyingine. Kiswahili cha pwani kimeidondosha l iliyokuwa kati ya irabu mbili. Ndiyo maana pwani husema njaa na makaa, ilhali Kilingala husema nzala na makala. Katika masoko ya Kisangani, hata mtu anayezungumza Kiswahili husema makala. Kwa hiyo gunia moja la makaa linabeba alama ya lugha mbili zilizokutana hapa: Kingwana kilichokuja kutoka mashariki pamoja na misafara, na Kilingala kilichopanda mto pamoja na meli na askari.

3. Kwa nini kuni hukaushwa

Mti uliokatwa leo umejaa maji. Katika miti mingi maji hayo yanakaribia nusu ya uzito wake wote. Ukiutia motoni, sehemu kubwa ya joto hutumika kwanza kuyageuza maji kuwa mvuke unaopotea hewani. Matokeo yake ni moshi mwingi na moto dhaifu. Gogo zima hukauka polepole kwa sababu gome linazuia maji yasitoke. Kuchanja kunafungua ubavu wa mti ili hewa iufikie, na hii ndiyo sababu shoka hutangulia jua.

Kisangani jua lenyewe si la kutegemewa. Mvua hunyesha karibu kila mwezi, na hewa ya msituni ina unyevu mwingi. Kuni zilizoachwa chini huota ukungu na kuliwa na mchwa. Kwa hiyo akina mama waliziweka kwenye uchaga juu ya jiko, ili moto wa leo uzikaushe kuni za kesho. Aliyeishiwa na akiba hiyo hulazimika kupika kwa kuni mbichi, na macho yake ndiyo yanayolipa gharama.

4. Mashoka ya Wangwana

Meli ndogo za mvuke za Stanley zilibebwa vipandevipande kuyapita maporomoko ya mto wa chini. Ya kwanza, En Avant, ilianza kuelea katika Pool mwaka 1881. Tarehe 1 Desemba 1883 Stanley alifika kwenye maporomoko yetu akiwa na meli tatu, akaanzisha kituo katika kisiwa cha Wana Rusari na kumwacha huko fundi Mskoti, Binnie.

Safari hizo zilikuwa na utaratibu mmoja. Jioni meli ilitia nanga kando ya msitu, na watu waliteremka na mashoka kutafuta miti iliyokufa na kukauka ikingali imesimama, kwani msafiri hana nafasi ya kungoja ukuni mbichi ukauke. Walikata na kuchanja usiku kwa mwanga wa moto, na alfajiri shehena ilikuwa tayari. Siku moja ya safari ilinunuliwa kwa usiku mmoja wa kazi.

Wengi wa waliofanya kazi hiyo walitoka Unguja. Mwaka 1887, katika msafara wa kumwokoa Emin Pasha, mamia ya Waunguja walipanda mto hadi Yambuya, nao walikata kuni njia nzima. Katika msafara huohuo alikuwamo Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yaani Tippu Tip, aliyekuwa ameteuliwa kuwa wali wa Stanley Falls. Meli Henry Reed ndiyo iliyomfikisha kwenye maporomoko. Hivyo tajiri mkubwa wa Wangwana aliingia katika cheo chake kwa nguvu ya kuni.

Stanley aliitwa Bula Matari, yaani mvunja mawe, na jina hilo la Kikongo likaja kuwa jina la serikali nzima. Wachanja kuni hawakupewa jina lolote.

5. Vituo vya kuni na kodi ya jasho

Mnamo Agosti 1890 Joseph Conrad alipanda mto katika meli Roi des Belges, akafika Stanley Falls mwanzoni mwa Septemba. Daftari aliloandika njiani linahusu kina cha maji, visiwa na mahali pa kupata kuni. Kwa nahodha mambo hayo yalikuwa na uzito mmoja.

Reli ya Matadi hadi Léopoldville ilipokamilika mwaka 1898, meli kubwa zaidi ziliweza kufikishwa kwenye mto wa juu, na kazi ya usiku haikutosha tena. Vituo vya kuni vilienea kando ya mto. Hapo kuni zilikatwa mapema na kupangwa marundo ufukweni, zikingoja meli. Kitaalamu haya yalikuwa maendeleo: kuni zilizongoja zilipata nafasi ya kukauka. Lakini swali la nani alizikata lilizidi kuwa chungu. Chini ya Dola Huru la Kongo, vijiji vya ukingoni vililazimishwa kutoa kuni kama kodi. Sheria ya Novemba 1903 iliweka kikomo cha saa 40 za kazi kwa mwezi. Tume ya Uchunguzi, ambayo ripoti yake ilitolewa mwaka 1905, ilitaja ukataji wa kuni miongoni mwa kazi za lazima zilizowaelemea wananchi.

Reli ya Stanleyville hadi Ponthierville, yaani Ubundu ya leo, ilifunguliwa mwaka 1906. Urefu wake ni kilomita 125, na garimoshi zake nazo zilitumia kuni. Hali iliendelea hivyo hadi injini za dizeli zilipozidi kuenea baada ya Vita Vikuu vya Pili. Vituo vya kuni vikafungwa, na msitu ukavifunika.

6. Kutoka ukuni hadi makaa

Meli iliacha kuni, lakini mji haukuziacha. Bwawa la mto Tshopo, lililojengwa katika miaka ya 1950, halikutosha kuwasha majiko ya mji uliozidi kukua. Makaa yakashika nafasi: ni mepesi kubeba, hayana moshi mwingi, na yamekwisha kukaushwa kupita ukuni wowote. Wapanda baiskeli huyaleta kwa magunia kutoka barabara za msituni. Hata hivyo wepesi huo una gharama. Katika tanuri la udongo, kilo moja ya makaa hudai kilo tano hadi kumi za mti, na mti mbichi hula sehemu yake wenyewe ili ukauke kabla ya kugeuka makaa. Kwa hiyo somo la kale la kukausha kabla ya kuchoma lina faida kwa msitu kama lilivyokuwa na faida kwa nahodha.

Mwandishi wa makala haya alilijua somo hili kabla ya kulisoma. Kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana katikati ya mji wetu, hakuna aliyethubutu kwenda sokoni wala msituni. Nyumbani kwetu Mangobo, bibi alikuwa na kuni kwenye uchaga, zilizochanjwa nyembamba na kukauka hadi kulia kama kengele zikigongana. Alizitumia moja moja, huku akizihesabu. Uji ulipatikana kwa siku zote sita. Wakati huo tulidhani uchaga ule ni desturi ya kizee tu.

7. Hitimisho

Tumeona kwamba historia ya kuni Kisangani ni historia ya kazi: ya Wangwana wenye mashoka, ya vijiji vilivyotozwa jasho, na ya akina mama waliolinda akiba. Athari zake zimebaki katika msamiati zaidi kuliko katika nyaraka. Wazee wanaokumbuka vituo vya kuni wamebaki wachache sana. Tunawahimiza wanafunzi wetu waende Lubunga, Yakusu na Ubundu wakaulize majina ya mashoka, ya vipimo na ya miti, wakayaandike kama yanavyotamkwa. Ukuni ukishakuwa majivu hausimulii ulikotoka. Anayeweza kutusimulia ni aliyeukata, ikiwa tutamfikia mapema.