Dola milioni 2.6 zilizowatia watafiti woga

Mtoto wa Marekani kapigwa risasi, kidonda kimepona, karudi shule. Miaka mitano baadaye analala vipi usiku? Utashangaa jinsi sayansi ilivyochelewa kuuliza swali hili, na wala si kwa sababu ni gumu.

Turudi 1993. Arthur Kellermann na wenzake walichapisha utafiti uliolipiwa na CDC, kituo cha serikali cha kudhibiti magonjwa: kuwa na bunduki nyumbani kulihusiana na hatari kubwa zaidi ya mtu kuuawa humo humo. NRA, chama cha watetezi wa bunduki, kikaja juu. Mwaka 1996 mbunge Jay Dickey wa Arkansas akachomeka sentensi moja kwenye sheria ya bajeti: fedha za CDC za kuzuia majeraha zisitumike kutetea wala kuhimiza udhibiti wa bunduki. Bunge likaondoa pia dola milioni 2.6, kiasi kilekile ambacho CDC ilikuwa imetumia kwa utafiti wa bunduki, likazielekeza kwenye majeraha ya ubongo.

Hebu isome tena hiyo sentensi. Haikukataza utafiti! Lakini mpaka uko wapi kati ya kuchunguza na kuhimiza? Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuugundua. Na wewe kama unatafuta mada ya shahada ya uzamivu, unajua mambo yanavyokwenda: pasipo na ruzuku, msimamizi atakushauri utafute kitu kingine. Kuanzia bajeti ya 2012, NIH nayo ikabanwa vivyo hivyo.

Cha ajabu, Dickey mwenyewe aligeuka. Mwaka huohuo 2012, baada ya mauaji ya Aurora, aliandika kwenye Washington Post pamoja na Mark Rosenberg, aliyekuwa hasimu wake kule CDC, wakitaka utafiti ufanyike.

Fedha zilirudi kwenye bajeti ya 2020: dola milioni 25, CDC nusu, NIH nusu. Mwaka huo ndo risasi zilipozipita ajali za magari katika kuua watoto na vijana wa miaka 1 hadi 19.

Mwaka 2023 Zirui Song na wenzake walipekua madai ya bima. Ndani ya mwaka mmoja tu baada ya jeraha, magonjwa ya akili kwa watoto walionusurika yalipanda kwa asilimia 68, ukilinganisha na wenzao wasiojeruhiwa. Ila madai ya bima yanamwona aliye na bima na aliyefika kwa daktari. Anayejifungia chumbani hayumo. Huyo lazima umfuate, miaka na miaka, na aliyepigwa risasi 1997 akiwa na miaka 10 sasa anakaribia 40.