Rangi za bustani na mapambo ya nyumba msimu wa vuli na kaskazi, pwani ya kusini ya Kenya

Katika kaunti ya Kwale, kuanzia Tiwi na Diani hadi Gazi, Msambweni na Vanga, miezi ya Oktoba hadi Februari ndiyo yenye rangi nyingi kuliko miezi yote ya mwaka. Kwingineko duniani, wakati huo majani hupukutika na theluji huanguka. Huku kunanyesha mvua za vuli, kisha upepo wa kaskazi unaingia pamoja na jua kali, maembe na sikukuu. Bustani na nyumba hupambwa kwa kufuata mwendo huo wa mvua na upepo. Mwenye nyumba anayeufuata hupata maua, majani na manukato kutoka uani kwake. Anayeiga picha za Krismasi ya Ulaya huishia dukani kwa maua ya plastiki.

Diani iko takriban nyuzi 4 kusini mwa ikweta. Tofauti ya urefu wa mchana kati ya Juni na Desemba haifiki hata saa moja, na hakuna baridi ya kuuambia mmea kwamba majira yamebadilika. Mimea ya hapa huongozwa na maji. Mvua kubwa huanza mwishoni mwa Machi au Aprili na kushika kasi mwezi wa Mei, wakati wa upepo wa kusi. Za vuli huja kati ya Oktoba na Desemba. Halafu kaskazi hukausha ardhi mpaka Machi. Ukanda wa ufuoni hupata zaidi ya milimita 1,000 za mvua kwa mwaka, lakini maji hayo hayakai. Chini ya udongo mwembamba mna jiwe la matumbawe, visima vingi vina maji ya chumvichumvi, na upepo wa bahari huunguza majani laini. Kwa hiyo bustani nzuri ya Diani huanza na shimo: jiwe hupasuliwa, shimo hujazwa mboji na samadi, ndipo mche unapotiwa.

Mti unaokaribia zaidi majani ya vuli ya Ulaya ni mkungu, *Terminalia catappa*. Matawi yake hukaa kwa tabaka, na kivuli chake ndicho wanachokimbilia wavuvi na watoto adhuhuri. Ukame wa kaskazi unapozidi, majani yake makubwa hugeuka manjano, kisha rangi ya chungwa, kisha wekundu ulioiva kabisa, ndipo yanapodondoka. Kemia yake haitofautiani sana na ya miti ya Ulaya: kijani cha klorofili hutoweka, na rangi nyekundu zinazoitwa anthosiani huonekana. Tofauti ni kwamba hapa kinachosukuma jambo lenyewe ni kiu, wala si baridi. Majani hayo ni pambo la bure ambalo watu wengi hulifagia na kulichoma moto. Yakiokotwa asubuhi, kabla jua halijayakunja, hupangwa kwenye ungo au kuzunguka sahani za pilau, na meza hupata rangi ambayo hakuna kitambaa cha dukani kinachoiweza.

Mkrismasi umepewa jina kwa sababu ya wakati wake wa kuchanua. *Delonix regia* ni mti wa asili ya Madagaska uliosambazwa katika nchi zote za joto, na pwani ya Afrika Mashariki huwaka maua mekundu kuanzia Novemba hadi baada ya mwaka mpya. Unahitaji nafasi. Mizizi yake hupita juujuu na huweza kuinua sakafu ya ua, kwa hiyo haufai karibu na ukuta wala tangi la maji. Aliyepanda mbegu huenda akangoja miaka mitano au zaidi kabla ya kuona ua la kwanza.

Mbuyu nao huchanua katika msimu huohuo, ingawa wachache huutazama kama mti wa maua. Ua lake jeupe hufunguka jioni, hutembelewa na popo usiku, na kesho yake huwa chini. Mibuyu mikubwa iliyozunguka Msikiti wa Kongo, penye mlango wa mto Mwachema huko Diani, ni mahali pazuri pa kuyaona maua hayo vuli inapoanza.

Kwa ua wa kawaida wa Ukunda au Msambweni, mmea wa kutegemewa zaidi ni bugenvilia. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Wanasayansi wa Ulaya waliujua kupitia safari ya baharia Mfaransa Louis Antoine de Bougainville katika miaka ya 1760. Zile zinazoonekana kama petali za zambarau, nyekundu au rangi ya chungwa si maua bali ni majani yaliyobadilika. Ua lenyewe ni kijineli kidogo cheupe katikati. Bugenvilia huvumilia chumvi na jiwe, na hutoa rangi zaidi ikinyimwa maji kidogo. Watunza bustani wengi huukosesha maua kwa huruma: humwagilia kila siku mpaka mmea unatoa majani matupu. Dawa ni kuupogoa mvua za vuli zinapoisha, kisha kupunguza maji. Rangi hurudi kaskazi ikiwa imeshika.

Mdogo wake katika ukavu ni adeniamu, *Adenium obesum*, yenye shina nene na maua ya waridi. Vitalu vya kandokando ya barabara huuza miche yake katika mifuko myeusi na makopo ya rangi. Ni mmea wa Afrika, haudai mengi, na hupendeza kwenye chungu mlangoni. Utomvu wake una sumu, na nyumba yenye watoto wadogo iuweke mbali na mikono yao. Plumeria hupandwa kwa kipande cha tawi kilichoachwa siku kadhaa mpaka maziwa yake yakauke. Ufuoni kabisa, pale ambapo hakuna ua la bustani litakalomea, mlakasa hutambaa juu ya mchanga na kuchanua zambarau bila kumwagiliwa na mtu.

Lakini katika nyumba ya Mswahili au Mdigo, bustani hupimwa kwa harufu kabla ya rangi. Asumini, mrehani, mkadi, mwaridi, mlangilangi na mkilua ni mimea ya uani, karibu na mlango wa nyuma, mahali ambapo mama wa nyumba huifikia kwa hatua chache. Mkilua ni mti mdogo wa misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania, na wataalamu wa mimea waliuandika kwa jina lilelile la wenyeji: *Mkilua fragrans*. Ua moja tu likitiwa sandukuni hunukisha nguo zote.

Kikuba hutengenezwa kwa mimea hiyo. Matumba ya asumini huchumwa alasiri yakiwa bado yamefumba, kwa kuwa asumini hufunguka jua likishatua. Aliyechuma asubuhi amechuma maua yaliyochoka. Hutungwa kwa sindano na uzi, tumba baada ya tumba, kila sindano ikipita penye kikonyo ili ua lisipasuke. Vijitawi vya mrehani na vipande vya mkadi hufungwa pamoja nayo, na kilua hukaa katikati kikipatikana. Kikuba hubandikwa kifuani au kwenye nywele, au huwekwa juu ya mto wa kitanda. Ikifika saa mbili usiku matumba yamefunguka yote, na chumba kizima kimebadilika. Hili ndilo pambo kuu la harusi za pwani, na linastahili kurudi pia katika sebule za siku za kawaida, ambako manukato ya mikebe yamelisukuma nje.

Ndani ya nyumba, vifaa vya msingi ni kuti, ukili na leso. Kuti bichi la mnazi hupasuliwa katikati ya uti, na kila nusu hufungwa kwenye nguzo au lango huku majani yake yakining'inia. Milango ya kumbi za harusi, Maulidi na sherehe za hoteli hupambwa hivyo. Hukaa kijani kwa siku chache, kisha huenda jikoni kuwashia moto. Mikeka hufumwa na wanawake kwa ukindu au miyaa ya mkoma: majani hukaushwa, huchanwa, mengine huchovywa katika rangi iliyochemshwa, husukwa ukili mrefu, na ukili hushonwa pamoja. Mkeka wa zambarau na kijani ukitandikwa barazani Desemba hauhitaji kitu kingine.

Leso ni suala la Mombasa zaidi ya Kwale. Mtaa wa Biashara ndio soko lake kuu, na chapa ya Mali ya Abdulla ya ukoo wa Kaderdina Hajee Essak ni ya tangu karne ya 19. Ila doti moja ikikatwa vizuri hutoa kitambaa cha meza na foronya za mito, na mji wa leso, ile sehemu ya kati, huweza kutundikwa ukutani.

Krismasi ya pwani ya kusini ina mti wake, nao ni mvinje. Familia za Kikristo za Ukunda, za wafanyakazi wa hoteli kutoka bara na za Wakamba waliohamia Shimba Hills hukata tawi la mvinje, hulichomeka katika ndoo ya mchanga uliolowa, na kulivisha pamba na taa ndogo. Mvinje haumo katika ukoo wa misonobari, kwani vile vinavyoonekana kama sindano ni vijitawi vyembamba, na majani yake halisi ni magamba madogo sana kwenye viungo. Hata hivyo unafaa. Wakulima wengi wa Kwale huupanda kwa ajili ya fito na nguzo, na huko Bamburi, kaskazini mwa Mombasa, René Haller alianza nao kazi mwaka 1971 alipogeuza machimbo ya saruji kuwa msitu. Tawi linalotoka katika shamba la mtu aliyepanda halimdhuru yeyote. Mche katika chungu ni bora zaidi, kwa sababu hutumika Krismasi kadhaa kabla ya kupandwa nje.

Wakazi wengi wa Kwale ni Waislamu, na sikukuu zao hazifungwi na msimu. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kuliko wa jua kwa siku 11 hivi, kwa hiyo Idi na Maulidi huzunguka miezi yote na kukutana na maua tofauti. Idi ya mwezi wa Mei hupambwa kwa mrehani ulioneemeka kwa mvua. Ya Januari hupata bugenvilia na majani ya mkungu. Mwaka 2000 ulikuwa na Idi ul-Fitri mbili, moja mwanzoni mwa Januari na nyingine mwishoni mwa Desemba, hata siku za Krismasi na Idi zikawa katika wiki moja. Mji wa Mombasa huongeza Diwali ya Oktoba au Novemba, pamoja na taa zake za udongo na koja za maua ya manjano.

Mmea mmoja wa pwani hii umepamba majira ya baridi ya nchi za mbali zaidi kuliko unavyopamba kwao. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, aliuona karibu na Tanga na kuutuma kwa baba yake Ujerumani. Mwaka uliofuata Hermann Wendland aliuita *Saintpaulia ionantha*. Leo urujuani wa Usambara hukaa katika madirisha ya Ulaya na Marekani, ukichanua theluji ikiwa nje, na jamaa zake wangali wakiota kwenye miamba yenye kivuli ya misitu ya pwani ya Kenya. Diani unaweza kuishi barazani, mbali na jua na upepo wa chumvi, ukinyweshwa kutoka chini ili majani yake yasilowe.

Uzuri una mipaka yake, na pwani ya kusini ina mingi. Kima na tumbili hupenda maua ya haibiskasi, na mwenye bustani Diani hupanda akijua kwamba sehemu ni yao. Shirika la Colobus Conservation, lililoanzishwa mwaka 1997, limejishughulisha na upandaji wa miti ya kiasili ambayo mbega hula na kupitia. Mwarobaini na lantana, ingawa ya pili ina maua ya kuvutia, huvamia misitu na kuziba miche ya asili, kwa hiyo haifai kuongezwa.

Kaya Kinondo ni mojawapo ya makaya ya Wamijikenda yaliyoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008. Mgeni huingia akiwa amejifunga kaniki, na hatoki na kitu, hata kijiti. Huo ni mwongozo unaofaa kwa mpambaji yeyote. Matumbawe na makombe ya baharini nayo yaachwe yalipo: ndani ya hifadhi ya Kisite-Mpunguti kuyachukua ni kosa kisheria, na nje yake kombe tupu mara nyingi ni nyumba ya kaa.

Wenye nyumba wanaotaka asumini ya kutunga vikuba Desemba wapande vipandikizi mvua za Aprili zinapoanza, wavimwagilie Agosti na Septemba, na wasipogoe baada ya Oktoba. Vitalu vya Ukunda vina miche hiyo, na jirani mwenye asumini iliyokomaa hatanyima tawi akiombwa.