Sarafu za zamani: Marekani zinatafutwa banki, kwetu zinatafutwa udongoni



Vijana wetu walio Marekani wameanza kazi moja ambayo wazazi wao walio Uvira na kule juu Bijombo wanaiona sawa mchezo. Kijana anaingia banki na dola 10, anapewa bunda la karatasi lenye robo dola 40. Akifika nyumbani anapasua karatasi na kuzitazama moja moja. Ile inayotafutwa na wakusanyaji anaiweka pembeni. Zilizobaki anazirudisha banki, na dola zake zinarudi. Wengine wanachukua boksi zima: mabunda 50, yaani robo dola 2,000, dola 500.

Wametuuliza kama kinachopatikana humo kinaweza kuingia katika mfuko wa chama. Wazee nao wameuliza swali lao: kwa nini sisi hatuwezi kufanya vile vile hapa Uvira? Maswali yote mawili yanajibiwa na historia ya pesa, na historia hiyo imepita katika nyumba zetu wenyewe.

Robo dola ina nini ndani yake

Mpaka mwaka 1964 robo dola ilitengenezwa kwa madini ya fedha, sehemu 90 katika 100, na uzito wake ulikuwa gramu 6.25. Bei ya fedha ilipopanda, Marekani ilipitisha sheria mwaka 1965, wakati wa rais Lyndon Johnson, na fedha ikaondolewa. Robo dola ya leo ni shaba katikati, na juu imefunikwa kwa mchanganyiko wa shaba na nikeli. Ina gramu 5.67. Ndiyo maana vijana hawaanzi kwa kusoma mwaka, wanaanza kwa kutazama ukingo. Ukiona mstari mwekundu, hiyo ni ya kawaida. Ukingo ukiwa mweupe wote, hapo itazame vizuri.

Ziko nyingine zinazotafutwa ijapokuwa hazina fedha ndani. Kati ya 1999 na 2008 walitoa robo dola zenye picha za majimbo yao 50, majimbo 5 kila mwaka. Katika zile za Wisconsin za mwaka 2004 zilizopigwa Denver, zenye herufi ndogo D, chache zina jani moja la ziada kwenye hindi. Tena mwaka 2019 na 2020 walipiga West Point robo dola zenye herufi W, milioni 2 tu kwa kila picha, wakazichanganya na zile za kawaida ili watu wazitafute.

Lakini siri kubwa haiko kwenye jani wala kwenye herufi. Robo dola ya kwanza ilitoka mwaka 1796, na tangu hapo serikali yao haijaifuta hata siku moja. Robo dola ya 1950 bado inanunua mkate. Bibi akifa kule Ohio, wajukuu wakipeleka chupa yake ya sarafu banki, banki inazipokea, zinafungwa katika bunda, na kesho bunda linapewa mtu mwingine. Ya zamani na ya sasa zinalala pamoja. Mahali ambapo pesa inafutwa kila mara, banki haiwezi kuwa na kitu cha zamani cha kukupa.

Kabla ya franga

Wakati Burton na Speke walipofika Uvira mwaka 1858 wakitafuta mto Rusizi, hakuna aliyelipwa kwa sarafu. Kwenye ziwa biashara ilikwenda kwa vitambaa, chumvi, pembe za ndovu na shanga. Soko la Ujiji lilihesabu kwa shanga zilizoitwa sofi.

Sarafu za kwanza zenye jina la Congo ni za mwaka 1887, za ile iliyoitwa Dola Huru ya mfalme Leopold II. Senti zake zilikuwa za shaba, zenye tundu katikati na nyota. Franga zake zilikuwa za fedha, zenye kichwa cha mfalme. Ubelgiji ilipochukua nchi mwaka 1908 iliendelea na senti za tundu, na wazee wanakumbuka vile wazazi wao walizifunga kwa kamba ili zisipotee njiani.

Franga haikupanda milima kwa sababu watu waliipenda. Ilipanda juu ya kodi. Kuanzia 1910 sheria ilitaka kila mwanaume mzima alipe kodi ya kichwa, na kodi haikulipwa kwa maharagwe. Mtu wa milima ilimbidi ashuke na ng'ombe, na siagi, au na mikono yake tu, atafute franga kule chini. Katika bonde la Ruzizi pamba ililimwa kwa lazima. Kwa hiyo sarafu ya kwanza katika nyumba nyingi za kwetu haikuwa akiba. Ilikuwa ni deni linalongoja mkusanya kodi.

Ng'ambo ya Rusizi mambo yalikuwa tofauti. Wajerumani walijenga kituo chao Usumbura mwaka 1897, na kwao pesa ilikuwa rupia, ambayo kuanzia 1904 iligawanywa katika heller 100. Vita ilipofika, jeshi la Congo la Wabelgiji pamoja na wapagazi wengi sana lilikwenda mpaka Tabora, likauteka mji huo Septemba 1916. Muda mfupi kabla ya hapo Wajerumani, waliokosa sarafu kutoka kwao, walikuwa wamepiga zao hapo hapo Tabora: heller 5 na heller 20 za shaba, pamoja na rupia 15 za dhahabu zenye picha ya tembo. Mtu akikuta kwa babu yake heller 20 yenye herufi T na mwaka 1916, asishangae imefikaje. Njia ya Tabora ilikuwa na watu wetu pia.

Tembo wa Philadelphia

Mwaka 1940 Ujerumani iliikalia Ubelgiji, na Congo ikakatwa na Brussels, mahali sarafu zake zilipotoka. Ndipo mwaka 1943 ikatolewa franga 2 ya ajabu: ya shaba ya njano, si mviringo bali yenye pembe 6, na tembo anatembea juu yake. Ilipigwa Marekani, katika kiwanda cha serikali cha Philadelphia. Ni kiwanda kile kile kinachopiga robo dola zenye herufi P ambazo vijana wetu wanazitafuta leo. Mwaka 1944 ikafuata franga 50 ya fedha, nayo ina tembo.

Baada ya vita, kuanzia 1952, Congo na Ruanda-Urundi zilikuwa na banki kuu moja na sarafu moja. Franga 5 ya mwaka huo ina mti wa mchikichi, na majina ya nchi zote mbili yameandikwa. Uvira na Usumbura zilitumia pesa moja. Mama aliyeuza samaki Kalundu asubuhi aliweza kununua kitambaa ng'ambo mchana bila kubadilisha kitu. Baada ya uhuru kila nchi ilishika njia yake. Congo ilitoa mwaka 1965 franga 10 nyepesi yenye kichwa cha simba, na miaka 2 tu baadaye franga yenyewe ikafutwa.

Vile makuta yalikufa

Juni 1967 ilikuja zaire. Zaire 1 ilichukua franga 1,000, na siku hiyo ilikuwa sawa na dola 2 za Marekani. Zaire ilikuwa na makuta 100, na likuta moja sengi 100. Sengi 10 ilikuwa ya aluminiamu na ilikuwa na chui. Makuta 5 ilikuwa na kichwa cha Mobutu. Neno "makuta" lilikaa sana mdomoni mpaka leo wengi wanasemaka makuta wakitaka kusema pesa yoyote ile.

Tarehe 25 Desemba 1979, siku ya Noeli, Mobutu alitangaza kwamba noti za zaire 5 na zaire 10 zimekufa. Mipaka ilifungwa, na watu walipewa siku chache tu za kuzibadilisha banki, tena kwa kipimo. Fikirini mtu wa Bijombo. Mpaka habari impate, mpaka ashuke mlima kwa miguu, mpaka apange mstari, siku zimekwisha. Aliyeuza ng'ombe mwezi wa 11 akaficha noti ndani ya nyasi za nyumba, ng'ombe wake alikufa mara ya pili.

Kisha bei zilianza kukimbia. Mwaka 1987 na 1988 zilitoka sarafu za zaire 1, 5 na 10, na haikuchukua muda zikakosa cha kununua. Desemba 1992 ilitolewa noti ya zaire milioni 5. Wafanyabiashara waliikataa, askari waliolipwa kwa noti hiyo wakapora miji Januari 1993. Oktoba 1993 ikaja zaire mpya: moja kwa zaire milioni 3 za zamani. Tarehe 30 Juni 1998 ikaja franga ya Congo tunayoishika leo: moja kwa zaire mpya 100,000.

Pigeni hesabu pamoja nasi. Milioni 3 mara laki 1 ni bilioni 300. Yaani aliyekuwa na zaire bilioni 300 alipata franga 1. Zaire moja ya mwaka 1967, ile ya dola 2, haikubaki hata vumbi. Na mwaka 1998 hata senti 1 ilichapwa kwenye karatasi. Tangu hapo sokoni kwetu hakuna sarafu ya Congo.

Sasa wazee wamepata jibu lao. Ukiingia banki ya Uvira na kuomba bunda la sarafu, hakuna. Bunda letu ni kopo la maziwa lililofukiwa nyuma ya nyumba.

Makopo na vita

Wengi walifukia makopo hayo mwaka 1996, vita ilipoanza. Wengine walikimbilia Nyarugusu, wengine Lugufu, wengine Burundi. Kule Tanzania watoto wetu walijifunza kuhesabu kwa sarafu zisizokufa haraka: shilingi 50 yenye faru, 100 yenye swala, 200 yenye simba. Kuanzia 2005 meli za HCR zilianza kuwarudisha watu kutoka Kigoma mpaka Baraka. Baada ya mauaji ya Gatumba ya tarehe 13 Agosti 2004, manusura wengi walipelekwa Marekani kuanzia 2007, na baadhi ya watoto wao ndio hao wanaopasua mabunda leo. Na vita ya miaka ya 2018 na 2019 iliwafukuza tena watu wa Bijombo, wa kabila hili na lile.

Kila mara watu wanaporudi na kuchimba msingi wa nyumba mpya, makopo yanatoka. Mara nyingi kinachofuata ni hasara: mnunuzi wa vyuma anazipima kwa kilo, na historia ya familia inakwenda kuyeyushwa. Tunaomba mambo manne.

Kwanza, msizisugue kwa mchanga wala kwa ndimu. Sarafu iliyosuguliwa inapoteza bei kwa mkusanyaji. Ioshe kwa maji tu, ikauke.

Pili, msizitenganishe kabla ya kuziandika: mwaka, jina la nchi, picha, na mahali zilipotoka. Nyingi hazina bei kubwa, na za zaire za mwaka 1987 ni nyingi kila mahali. Lakini franga 50 ya 1944 ni ya fedha, na senti za Leopold zina watu wanaozitafuta. Msiuze kwa kilo kitu ambacho hamjakisoma.

Tatu, na hili ni zito: sarafu haisemi shamba ni la nani. Sarafu ya 1943 ikitoka ardhini inasema kitu kimoja tu, kwamba ilifukiwa mwaka 1943 au baadaye. Inaweza kuwa imefukiwa 1996, inaweza kuwa imeangushwa na mpita njia. Tumesikia watu wakitaka kuzipeleka mbele ya chef kama ushahidi dhidi ya jirani. Msifanye hivyo. Chini ya ardhi ya Bijombo kuna makopo ya Wafuliiru, ya Wabembe, ya Wanyindu, ya Wavira na ya Banyamulenge, na ndani yake mna franga zile zile.

Nne, kwa vijana wa Marekani: asanteni, lakini msitume robo dola hapa. Uvira hata noti ya dola iliyopasuka kidogo inakataliwa, sembuse sarafu. Uzeni huko huko kwa bei ya huko, mtume thamani yake kwa njia ya kawaida ya michango, na muandike ilitokana na nini ili mweka hazina aiweke kwenye daftari. Wala msimwahidi mtu kitu. Mnaweza kupasua boksi nzima msipate hata robo dola moja ya fedha. Uzuri wake ni kwamba dola 500 zinarudi banki zikiwa 500.

Na mfuko wetu wenyewe tusiulaze kwenye noti za franga ndani ya sanduku. Wazazi wetu walifanya hivyo mwaka 1979 kwa sababu hawakuwa na njia nyingine. Sisi tunayo: ikiingia, inunue mabati, mbegu, dawa za ng'ombe, kabla bei haijakimbia.

Mwenye kopo nyumbani, amwite katibu wa tawi lake aje na daftari. Kopo litabaki kwake. Tunachotaka ni orodha, na majina ya wazee wanaoweza kusimulia zile sarafu zilinunua nini.