Mlango Uliopigiliwa Mbao: Kumbukumbu Kuanzia Kisiwani

Katika mwaka huu wa maadhimisho, kamati imetuomba tuandike juu ya historia ya majengo yetu. Wenzetu wengine katika toleo hili wataeleza habari za waasisi, za michango na za sherehe. Sisi tumechagua jambo dogo ambalo wazee wetu walilifanya mara nyingi bila kuliandika: kufunga kwa mbao milango na madirisha yaliyovunjika ili mali isipotee. Tumelichagua kwa sababu katika miji midogo ya Afrika Mashariki familia zetu zinazidi kupungua, ilhali majengo yamebaki. Anayetaka kujua yatakuwaje kesho hana budi kutazama yaliyoyapata yale yaliyofungwa jana.

Milango ya Kisiwani

Reli ya Usambara ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, ikafika Moshi mwaka 1911. Wafanyabiashara wa Kigujarati waliifuata stesheni kwa stesheni, kisha wakaiacha na kuingia ndani ya nchi kwa miguu na mikokoteni, na baadaye kwa malori. Kutoka Same, njia ya mashariki huzunguka Milima ya Upare ya Kusini ikapita Kisiwani, Maore na Ndungu hadi Mkomazi. Upande mmoja ni milima yenye mvua, upande wa pili ni nyika ya Mkomazi, ambako leo kuna hifadhi ya taifa. Katika njia hiyo yalikuwapo maduka ya nguo, chumvi, mafuta ya taa na majembe.

Duka la wakati ule lilijengwa kwa mpango uliojulikana: mbele duka, nyuma makazi, juu mabati, na barazani cherehani. Halikuwa na kioo. Mlango ulikuwa wa mbao nzito zenye mbawa mbili, na nyuma yake ulipita mtaimbo wa chuma uliokaa katika vishikio viwili ukutani. Madirisha nayo yalikuwa ya mbao. Juu ya kizingiti yaliandikwa maneno mawili ya Kigujarati, shubh na labh, yaani heri na faida, na siku ya Diwali lilitundikwa shada la majani ya mwembe. Jioni, mwenye duka alipoteremsha mtaimbo, jengo zima lilikuwa limekwisha kufungwa. Hapakuwa na haja ya kutafuta mbao za dharura, kwa kuwa mbao zilikuwa sehemu ya nyumba.

Kioo kilipoingia

Mambo yalibadilika mijini biashara ilipoanza kupendeza macho. Maduka ya Nairobi, Kampala na Dar es Salaam yaliweka vioo vikubwa vya maonyesho, na mapato yakaongezeka. Lakini kioo hufunga upepo tu, hakimfungii mtu. Jumapili, tarehe 1 Agosti 1982, baadhi ya askari wa Jeshi la Anga la Kenya walijaribu kuipindua serikali ya Rais Daniel arap Moi. Jaribio lilizimwa siku ile ile, lakini jiji la Nairobi lilikuwa limekwisha kuporwa, na maduka mengi yaliyovunjwa yalikuwa ya watu wa asili yetu. Baada ya siku hiyo, mageti ya kukunja na nondo za madirisha vilizidi kuwa jambo la kawaida mijini.

Ijumaa, tarehe 7 Agosti 1998, bomu lililipuka katika ubalozi wa Marekani jijini Nairobi, na jingine Dar es Salaam karibu wakati ule ule. Nairobi walikufa watu zaidi ya 200, na Dar es Salaam watu 11. Maelfu walijeruhiwa, na wengi wa majeruhi wa Nairobi waliumizwa na vioo. Watu walikuwa wamesikia kishindo cha kwanza, wakakimbilia madirishani kutazama, na mlipuko mkubwa ukawakuta hapo. Wengine walipoteza macho yao. Majengo yaliyokuwa mbali na ubalozi yalibaki bila dirisha hata moja, huku ndani yake mkiwa na mashine, faili na fedha za watu. Ndipo wengi walipofahamu kwamba dirisha lililovunjika lina hatari mbili: ya kwanza ni vipande vyake, na ya pili ni uwazi unaobaki.

Kazi ya usiku wa kwanza

Sisi ambao tumeuza vifaa vya ujenzi kwa miaka mingi tumeona jinsi kazi hii inavyofanywa vizuri na jinsi inavyofanywa vibaya. Mtu huja jioni akiwa na hofu, akanunua misumari mirefu na ubao wowote, akaenda kupigilia kila mahali. Kesho yake fremu imepasuka, na gharama ya fundi imekuwa mara mbili.

Mafundi wa zamani walikwenda kwa utaratibu. Kwanza waliwaondoa watu, hasa watoto. Kisha walitoa vipande vilivyoning'inia kwenye fremu kuanzia juu kushuka chini, wakiwa na viatu vya ngozi na glavu, ili kipande cha juu kisimwangukie mtu aliyeinama. Siku hizi tunaongeza jambo moja: kupiga picha kabla ya kufagia, na kwenda polisi kuandikisha taarifa, kwa kuwa kampuni ya bima itauliza.

Baada ya hapo huja ubao. Plaiwudi nene ni bora, lakini mabanzi ya kiwanda cha mbao yanafaa pia yakipangwa bila kuacha nafasi. Fundi mzuri hapigilii katika fremu kama anaweza kuepuka. Huweka mbao upande wa nje, huweka miti miwili ya kukingama upande wa ndani, kisha huviunganisha kwa boliti ndefu zinazopita katika uwazi wa dirisha. Kichwa cha boliti cha mviringo hukaa nje, na nati hukaa ndani. Mwizi aliye nje hana cha kufungua, na fremu hubaki nzima kumsubiri fundi wa vioo.

Yapo mambo mawili ambayo hofu huyasahaulisha. La kwanza ni kwamba mlango mmoja lazima ubaki wa kufunguka kutoka ndani bila ufunguo, kwa maana moto hausubiri mtu atafute nyundo. La pili ni hewa. Matundu machache yatobolewe juu na chini ya ubao, hasa penye vitabu, nguo za miungu na sanamu za mbao.

Mbao zisizoondolewa

Mbao za dharura ni za usiku wa kwanza na majuma machache yanayofuata. Zikikaa miaka, zinageuka kuwa adui wa jengo. Ushahidi tunao Unguja. Baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, familia nyingi za Kihindi na za Kiarabu ziliondoka, na nyumba nyingi za Mji Mkongwe zikachukuliwa na serikali. Nyumba hizo ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zimelala juu ya boriti za mikoko. Nyumba ya namna hiyo hutaka kufunguliwa, kupakwa chokaa na kuzibwa paa kila mwaka. Pale maji yalipoingia na hewa ikakosekana, boriti zilioza ukutani zilipoingilia, na ghorofa zikaanguka. Kazi ya kuuokoa mji ilikabidhiwa mamlaka maalumu iliyoundwa mwaka 1985, na mwaka 2000 Mji Mkongwe ukaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Hata hivyo, mpita njia leo bado anaona milango ya nakshi, mingine ya mtindo wa Kigujarati wenye njumu za shaba, imesimama mbele ya magofu. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Unguja imetuonyesha kwamba hata aliyeziba ufa kwa ubao atajenga ukuta, asiporudi kuutazama.

Nani anabaki na ufunguo

Tarehe 4 Agosti 1972, Idi Amin alitangaza kwamba Waasia waondoke Uganda, na muda uliotolewa ulikuwa siku 90. Makumi ya maelfu waliondoka kabla ya muda huo kwisha mwezi Novemba. Walifunga maduka, nyumba, shule na mahekalu. Makufuli yao hayakusaidia, kwa sababu mali zilizoachwa ziligawiwa watu wengine, na baadaye zikawekwa chini ya bodi ya serikali. Sheria ya kuzirudisha ilipitishwa mwaka 1982, na wengi walirudishiwa katika miaka ya 1990 chini ya serikali ya Rais Yoweri Museveni. Aliyetaka kurudishiwa alitakiwa kuthibitisha kwamba mali ilikuwa yake. Kwa hiyo karatasi iliyobebwa katika mkoba ilikuwa na nguvu kuliko kufuli lililoachwa mlangoni. Mahekalu ya Kampala yanasikika tena kengele zake, nasi tunamshukuru Mungu kwa hilo.

Lakini kurudi siyo mwisho wa habari. Tarehe 12 Aprili 2007 yalifanyika maandamano Kampala kupinga sehemu ya msitu wa Mabira kukatwa ili kupanua shamba la miwa la kampuni yenye wamiliki wa asili ya Kihindi. Hoja ya msitu ilikuwa na haki yake, na Waganda wengi wenye busara waliiunga mkono kwa amani. Siku ile hasira iliwageukia watu wa asili yetu barabarani. Mmoja aliuawa kwa mawe, na wengine walikimbilia hekaluni hadi polisi walipofika kuwaokoa. Tukio hili linatufundisha kwamba mlango wa hekalu una kazi mbili zinazopingana. Lazima ufungike dhidi ya mwenye jiwe, na lazima ufunguke upesi kwa anayekimbia, awe wa dini yoyote. Kamati inayopigilia kila uwazi imetimiza kazi moja na kuiacha nyingine.

Ujirani kama ubao

Turudi Kisiwani. Maduka ya njia ile hayakufungwa kwa sababu moja. Bei ya mkonge ilishuka, na mshahara wa vibarua ndio uliokuwa ukinunua kanga na sukari. Mwaka 1976 ilikuja Operesheni Maduka, ambayo ilitaka maduka ya watu binafsi vijijini yaachie nafasi maduka ya ushirika. Watoto nao walihitaji shule za sekondari, na wazazi wakawafuata Moshi, Tanga na Dar es Salaam. Wengine walivuka bahari.

Katika njia hiyo tunalifahamu duka moja ambalo lilifungwa bila ugomvi wowote, familia ilipohamia Moshi. Mwenye duka hakupigilia mbao. Ufunguo alimwachia mama wa Kipare aliyekuwa jirani yake, wakakubaliana kwamba mama huyo ahifadhi mahindi yake katika chumba cha nyuma. Kila juma alifungua madirisha, akafagia, akatazama mchwa. Mvua kubwa ya upepo ilipong'oa dirisha moja, hakungoja ruhusa. Alimwita seremala, akaziba kwa mabanzi siku ile ile, akampa utingo wa basi ujumbe wa mdomo uende Moshi. Balozi wa nyumba kumi alishuhudia, ili mtu asije akasema kilichokuwamo kimeibwa. Mwenye duka alirudisha gharama kwa basi la kurudi. Miaka ilipita, na mlango ule ulikuwa ukifunguka bado bila kusukumwa kwa bega.

Hatusemi kwamba kila mahali ilikuwa hivyo. Yapo maduka ambayo wenyeji waliyaona kama meza ya kudaiwa tu, na yalipofungwa hakuna aliyejali dirisha lake. Hilo nalo ni la kweli, na heshima ya historia inatutaka tuliandike. Mama yule hakulipwa mshahara wa ulinzi. Alilinda kwa sababu nyumba ile ilikuwa na faida kwake na kwa sababu waliishi pamoja kabla ya siku ya kufunga.

Kwa hiyo tunaomba kamati ya hekalu letu ikubali mambo matatu katika mwaka huu. Kwanza, iwepo seti ya mbao zilizokwisha kukatwa kwa kipimo cha kila dirisha, zikiandikwa namba, pamoja na boliti zake, zikae stoo. Pili, funguo zisishikwe na wanachama peke yao, kwa kuwa tunaishi mbali na usiku tumelala. Seti moja ishikwe na jirani anayeaminika, na nakala za hati zihifadhiwe mahali pengine. Tatu, kila mwaka kabla ya masika pawe na siku moja ya kazi ya pamoja, ile ambayo Upareni huitwa msaragambo, ya kukagua paa, bawaba na makomeo, na majirani wakaribishwe kufanya kazi na kula nasi.

Kwenu majirani mnaosoma toleo hili: wengi wenu mmekwisha kutulindia majengo bila kuombwa, na majina yenu hayamo katika vibao vya marumaru. Tunawashukuru. Chakula cha siku ya kazi kitakuwa tayari saa saba mchana, na mlango utakuwa wazi.