Kuhifadhi Tovuti za Kumbukumbu ya Vita Kuu

Tangu 2014 hadi 2018, Ufaransa iliadhimisha miaka 100 ya Vita Kuu ya Kwanza. Majina ya waliokufa, barua za askari na picha za mahandaki zilitolewa katika tovuti nyingi, za serikali na za watu binafsi. Lakini tovuti hufa upesi kuliko karatasi: sherehe zikiisha, nyingi hufungwa. Kwa sheria ya tarehe 1 Agosti 2006, Maktaba ya Taifa ya Ufaransa hunakili tovuti na kuzihifadhi. Hata hivyo, kuhifadhi ni kuchagua. Askari wa Force Publique na wapagazi wao, walioteka Tabora mnamo Septemba 1916, wengi hawakuacha maandishi. Ukurasa unaowataja usiponakiliwa, watasahauliwa mara ya pili.