Kipande cha Chuma cha Dola 15: Gari la Corvair na Dhamana ya Usalama

Wamiliki wa magari ya kale ya Kimarekani hutumia fedha nyingi kubadilisha vitu ambavyo mpita njia hawezi kuviona. Rangi ya gari hubaki ileile ya mwaka 1962, na viti pia. Chini ya bodi, hata hivyo, kisanduku kizito cha usukani kimeondolewa na kingine chepesi kimewekwa. Springi zilizochoka, shokapu na mikono inayoshikilia magurudumu vimebadilishwa vyote. Mwenye gari akiulizwa sababu, hujibu kwa ufupi kwamba anataka gari limtii anapokata kona.

Kwa wengi, kazi hiyo ni burudani ya watu wenye nafasi. Kwa mwanafunzi wa historia, ni ushahidi. Sehemu ya marekebisho yanayofanywa leo katika gereji za watu binafsi ilijulikana viwandani tangu magari hayo yalipokuwa mapya. Swali ni kwa nini hayakufanyika wakati ule, na nani aliyelipa gharama ya kuchelewa kwake.

Tuanze na dhana moja inayofaa kuondolewa mapema: kwamba wakati huo ujuzi haukuwapo. Mhandisi Francis Davis alikwisha kutengeneza na kuonyesha usukani unaosaidiwa na nguvu ya majimaji katika miaka ya 1920. Teknolojia hiyo ilitumika katika magari ya kijeshi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, lakini mnunuzi wa gari la kawaida aliisubiri hadi mwaka 1951, Chrysler ilipoiweka katika gari lake la Imperial. Kati ya ugunduzi na matumizi ilipita robo karne. Ujuzi ulikuwapo; kilichopimwa kilikuwa gharama na soko.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa Chevrolet Corvair, gari lililoingizwa sokoni na General Motors mwishoni mwa mwaka 1959. Lilikuwa gari la ujasiri. Injini yake ilikaa nyuma na kupozwa kwa hewa, tofauti kabisa na desturi ya Detroit. Udhaifu wake ulikuwa katika ekseli ya nyuma. Ekseli hiyo iligawanywa nusu mbili, na kila nusu ilicheza kwenye kiungo kimoja tu, kando ya gia. Gurudumu lilipopanda au kushuka, pembe yake na barabara ilibadilika. Katika kona kali, sehemu ya nyuma iliweza kuinuka, gurudumu la nje likajikunja kuelekea chini ya gari, na tairi likapoteza mshiko kwa ghafla.

Wahandisi waliifahamu tabia hiyo. Dawa mojawapo ilikuwa stabilaiza ya mbele, yaani fimbo ya chuma inayounganisha magurudumu mawili ya mbele ili kulizuia gari lisilale upande mmoja. Corvair la kwanza lilitoka kiwandani bila fimbo hiyo. Badala yake, kampuni ilitegemea upepo wa tairi: mwenye gari alielekezwa kujaza pauni 15 kwa inchi ya mraba katika tairi za mbele na pauni 26 katika tairi za nyuma. Tofauti hiyo ilikusudiwa kutuliza mwenendo wa gari. Lakini fikiria kijana wa kituo cha mafuta ambaye hajapata kukisoma kijitabu cha gari hilo, anayejaza tairi zote nne sawasawa kama alivyozoea. Kwa tendo hilo moja la nia njema, kinga iliyotegemewa na kiwanda ingetoweka.

Wenye magari na mafundi hawakukaa kimya. Kampuni ya vipuri ya EMPI, huko California, iliuza kifaa cha kufungwa chini ya ekseli ya nyuma ili kuzuia gurudumu lisijikunje. Mwaka 1962 General Motors yenyewe ilianza kuuza stabilaiza, lakini kama nyongeza ambayo mnunuzi aliilipia akiitaka. Mwaka 1964 ikawa sehemu ya kila Corvair, pamoja na springi ya ziada ya nyuma, na mwaka 1965 mfumo wote wa nyuma ukasanifiwa upya. John DeLorean, aliyekuwa mmoja wa wakuu wa kampuni hiyo, alisimulia baadaye kwamba ubishi wa ndani juu ya stabilaiza ulihusu kiasi cha dola 15 kwa gari.

Novemba 1965, wakili mwenye umri wa miaka 31, Ralph Nader, mtoto wa wahamiaji kutoka Lebanoni, alichapisha kitabu kilichoishtaki sekta nzima ya magari. Sura ya kwanza ilihusu Corvair. Sura nyingine ilizungumzia nguzo ya usukani, ambayo katika ajali ya uso kwa uso iliweza kusukumwa nyuma na kumchoma dereva kifuani kama mkuki. Wakati huo, barabara za Marekani zilikuwa zikiua karibu watu 50,000 kila mwaka, na lawama ilizoeleka kutupiwa dereva.

Jibu la General Motors lilikuwa kukodi wapelelezi wamfuatilie Nader. Jambo hilo lilipofichuka, mwezi Machi 1966, rais wa kampuni James Roche alisimama mbele ya kamati ndogo ya Seneti iliyoongozwa na Abraham Ribicoff, akaomba radhi hadharani. Miezi sita baadaye, tarehe 9 Septemba, Rais Lyndon Johnson alitia saini sheria iliyoipa serikali ya shirikisho mamlaka ya kuweka viwango vya usalama wa magari mapya. Kuanzia mwaka 1968, nguzo ya usukani inayobonyea wakati wa mgongano haikuwa tena fadhila ya mtengenezaji. Ikawa sharti.

Haki inatudai tutaje sura nyingine ya habari hii. Mwaka 1972, baada ya majaribio, mamlaka ya usalama ya Marekani ilitoa taarifa kwamba Corvair la 1960 hadi 1963 halikuwa na hatari ya kupinduka au kumshinda dereva iliyozidi ile ya magari mengine ya rika lake. Nader aliipinga taarifa hiyo. Wapenzi wa Corvair, nao, huitaja hadi leo kuwa ni hukumu ya kumsafisha mshtakiwa.

Mimi naisoma tofauti. Kuwa sawa na wenzako si kuwa salama. Ikiwa Corvair halikuwa baya kuliko mengine, basi tatizo lilikuwa pana kuliko gari moja, na kulifuta gari moja sokoni kusingetosha. Ndiyo maana sheria ya 1966 ina uzito kuliko kitabu kilichoichochea: haikumlenga mtengenezaji mmoja, bali iliweka kiwango kwa wote. Hata hivyo haikukamilika. Iliwalazimisha watengenezaji kuwajulisha wenye magari juu ya kasoro, lakini wajibu wa kuzirekebisha bila malipo uliwekwa na Bunge mwaka 1974. Kwa miaka minane, raia aliweza kupewa taarifa ya hatari kwa mujibu wa sheria, kisha akaachiwa gharama ya kuiondoa.

Nalirejea gari la 1962 lililoko gerejini. Viwango vya 1968 havikulifikia, kwa kuwa vililenga magari mapya. Anayelibadilishia usukani na springi anatimiza kwa mkono wake kile ambacho sheria haikumfanyia, na ujuzi wake unastahili heshima. Ila tusiugeuze kuwa sera. Juhudi ya mtu mmoja humlinda mwenye fedha na maarifa; jirani yake aliyenunua gari hilohilo bila kujua kasoro yake hubaki katika hatari ileile, na mtembea kwa miguu hana kipuri cha kujinunulia.

Kwa mwanaharakati na mtumishi wa umma, somo halihusu magari pekee. Kila mara usalama unapopewa jina la nyongeza, iwe katika jengo, dawa au chombo cha usafiri, yapo maswali mawili ya kuulizwa kabla ya kumlaumu mtumiaji: nani aliijua hatari kwanza, na sheria ilimtaka afanye nini baada ya kuijua?